Namna ya kufuatilia maana na asili ya neno la Kiingereza: mfano wa "help"

Muulize mwanafunzi "help" maana yake nini, atakujibu "saidia" kabla hujamaliza kuuliza. Jibu hilo linatosha katika sentensi nyingi, na kwa sababu hiyo huwaponza watu katika zile chache ambazo halitoshi. "I couldn't help laughing" hugeuzwa "sikuweza kusaidia kucheka", maneno yasiyomwambia Mswahili chochote. "Help yourself" hugeuzwa "jisaidie", na hapo mgeni aliyekuwa anakaribishwa mezani anakuwa ameelekezwa chooni.

Mwongozo huu ni wa mfasiri, mwalimu wa Kiingereza na mwanafunzi wa lugha anayetaka kulichunguza neno moja kikamilifu: linatumikaje leo, limetoka wapi, na linapokelewaje katika Kiswahili. Tumechukua "help" pamoja na wenzake "aid" na "assist" kwa sababu ni maneno ya kila siku, na historia yake inajulikana vizuri. Njia ni ileile kwa neno lolote la Kiingereza. Kwa mara ya kwanza tenga asubuhi nzima kwa neno moja. Ukishazoea, muda unapungua sana.

Vitabu na tovuti za kuwa nazo

Unahitaji kamusi za aina tatu, na kosa la kwanza la wengi ni kutumia aina moja tu.

Ya kwanza ni kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, inayoonyesha matumizi ya leo. Ya pili ni kamusi ya kihistoria. Kubwa kuliko zote kwa Kiingereza ni Oxford English Dictionary, iliyoanza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928. Toleo la pili la mwaka 1989 lina juzuu 20. Toleo lake la mtandaoni linalipiwa, kwa hiyo uliza maktaba ya chuo kilicho karibu nawe kama imejisajili. Kama haijajisajili, zipo za bure: Merriam-Webster ina maelezo mafupi ya asili chini ya maneno mengi, Online Etymology Dictionary imejengwa kwa ajili ya asili tu, Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan inahusu Kiingereza cha Kati, na kamusi ya Bosworth na Toller inahusu Kiingereza cha Kale. Aina ya tatu ni kamusi za Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inakupa maana, na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inafaa kwa sababu inaonyesha maneno mengi yaliyotoka Kiarabu.

Hatua ya 1: Kusanya sentensi kabla ya kufungua kamusi

Tafuta sentensi 15 hadi 20 zenye neno lako. Zitoe sehemu mbalimbali: gazeti, karatasi ya maelezo ya dawa, Biblia ya Kiingereza, taarifa ya mpira, mkataba, mazungumzo. Andika sentensi nzima, usinukuu maneno mawili matatu, kwa sababu maana ya "help" mara nyingi inaamuliwa na neno linalotangulia au linalofuata. Ukianza na kamusi utaona zile maana tu ulizokwisha kuelekezwa, na sentensi ngumu utailazimisha iingie kwenye mojawapo.

Hatua ya 2: Zipange kwa maana

Hapa ndipo kazi ilipo. Soma kila sentensi, jiulize Mswahili angesemaje jambo hilohilo bila kuona Kiingereza, kisha uziweke pamoja zinazopata jibu moja. Kwa "help" utapata makundi kama haya.

Kundi kubwa ni la mtu kumsaidia mtu mwingine kufanya jambo: "help me carry this" au "help me to carry this". Zote mbili ni sahihi. Wamarekani hupenda zaidi ile isiyo na "to". Isiyo sahihi ni "help me carrying", ambayo wanafunzi huiandika mara kwa mara.

Kundi la pili lina kitu badala ya mtu: "this syrup helps a cough". Kiswahili hakisemi dawa inakisaidia kikohozi, maana ingekuwa kikohozi kinapewa nguvu. Tunasema dawa inatuliza kikohozi, inapunguza maumivu, inafaa kwa mafua. Liangalie kundi hili kwa makini, kwa sababu ndilo daraja la kufikia la tatu.

La tatu ni "cannot help". "I can't help it" ni siwezi kujizuia, au imenishinda. "It can't be helped" ni hakuna budi, au ndivyo ilivyo tena. Inakuwaje neno la kusaidia lifike kwenye kuzuia? Kwa kupitia dawa. Kulisaidia gonjwa katika Kiingereza cha zamani kulikuwa na maana ya kuliponya au kuliondoa. Kisichoweza kusaidiwa ni kisichoweza kuponywa, na hatimaye ni kisichoweza kuzuilika. Maana hii huandamana na "can" au "cannot", nayo ina ukorofi wake. Waingereza husema "don't stay longer than you can help", ingawa ukiipima kwa mantiki ilipaswa kuwa "longer than you can't help". Usijaribu kuinyoosha. Itafsiri kwa kusudi lake: usikae zaidi ya inavyolazimu.

La nne ni la chakula. Tangu mwishoni mwa karne ya 17, "to help someone to" chakula fulani ni kumpakulia, na "helping" ni kiasi anachopakuliwa mtu mmoja. "A second helping" ni kuongezwa mara ya pili. "Help yourself" ni karibu, pakua mwenyewe. Maana hii ikatoka mezani ikaenda kwenye mali: "he helped himself to the cash" ni kwamba alijichotea fedha zisizo zake. Kiswahili kinatupa "kujichotea" na "kujichukulia", vinavyobeba lawama ileile. "Kujisaidia" katika Kiswahili kumekwisha shikwa na maana ya kwenda haja, na hakuna muktadha wa mezani utakaoliokoa neno hilo. "Kujihudumia" ndiko salama, na ndiko mikahawa inakotumia.

La tano ni "the help", watumishi wa nyumbani, matumizi yaliyokomaa zaidi Marekani. Kenya ina "house help" katika Kiingereza chake. Kwa Kiswahili ni mfanyakazi wa nyumbani au dada wa kazi. Kumwita "msaada" ni kukosea tafsiri na ni kumkosea mtu pia.

La sita ni kelele ya anayezama: "Help!" Kiingereza kinatosheka na silabi moja, hakimtaji mwenye shida wala anayeitwa. Kiswahili kinataka vyote viwili: "Nisaidieni!", ni- ya anayeomba na -ni ya wote walio karibu. Ukiandika "Msaada!" katika tafsiri ya hadithi, utakuwa umempa mtu anayekufa maji kichwa cha habari. Wengi wangepiga tu "Jamani, nakufa!", na mfasiri mzuri hasiti kuitumia.

La saba ni kiapo, "so help me God". Hapa "help" si amri, ni ombi, na "so" ina maana ya kwa sharti hilo: Mungu anisaidie kwa kadiri nitakavyosema kweli. Viapo vya Kiswahili vimeacha sharti na kubaki na ombi la Mungu nisaidie, na hivyo ndivyo kinavyozoeleka masikioni mwa watu. Usikiongezee neno kwa kuogopa kuacha "so" bila tafsiri.

Kuna kundi la nane ambalo hulipati katika kamusi za London, bali katika Kiingereza cha Afrika Mashariki: "help me with your pen". Kimetoka moja kwa moja katika "nisaidie kalamu", ombi la adabu la kuazimwa au kupewa. Nairobi au Dar es Salaam hakuna atakayekuelewa vibaya. Mwingereza atadhani kalamu imekwama na unataka mtu wa kukusaidia kuitengeneza. Ukitafsiri kwenda Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa nje, andika "could I borrow your pen", na kwa "nisaidie chumvi" andika "could you pass the salt".

Hatua ya 3: Soma maelezo ya kamusi kwa mpangilio wake

Sasa fungua kamusi ya kihistoria. Jambo la kwanza la kuangalia ni utaratibu wa kupanga maana. Katika kamusi ya wanaojifunza, maana nambari 1 ndiyo inayotumika zaidi. Katika Oxford English Dictionary na Merriam-Webster, maana hupangwa kihistoria, ya kale ikitangulia. Asiyejua hili husema maana ya kwanza ndiyo maana halisi na nyingine ni nyongeza, kumbe ya kwanza pengine haitumiki tena tangu karne kadhaa zilizopita. Alama ya msalaba mdogo, †, katika kamusi ya Oxford inakuambia neno au maana hiyo imekufa.

Alama nyingine ni chache. OE ni Kiingereza cha Kale, takriban karne ya 5 hadi mwanzoni mwa karne ya 12. ME ni Kiingereza cha Kati, kuanzia hapo hadi kama mwaka 1500. OF ni Kifaransa cha Kale, L ni Kilatini, Gmc ni familia ya lugha za Kigermani, ambayo Kiingereza, Kiholanzi na Kijerumani vyote vimo. Mshale < husomwa "limetokana na". Kifupisho cf. husomwa "linganisha na". Hakisemi limetokana na, na kuvichanganya viwili hivi ni chanzo cha makosa mengi ya asili za maneno. Kinyota * mbele ya neno, kama *helpaną, kina maana kwamba neno hilo halijaonekana limeandikwa popote. Wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha zilizorithi. Usilinukuu bila kinyota chake. Kukiacha ni kudai kuna maandishi ambayo hayapo.

Tarehe iliyo kando ya maana ni ya andishi la mapema zaidi lililopatikana. Watu walikuwa wakisema hivyo kabla ya hapo, wakati mwingine kwa vizazi kadhaa. Andika "limeonekana kuanzia", usiandike "lilibuniwa mwaka".

Hatua ya 4: Rudi nyuma hatua moja moja

Usiruke kutoka Kiingereza cha leo hadi lugha mama ya kale. Nenda kwanza Kiingereza cha Kati, kisha cha Kale. Katika kamusi ya Michigan utafute "helpen", na katika ya Bosworth na Toller "helpan". Ukiandika "help" unaweza kupata nomino peke yake. Tahajia za zamani hazikuwa thabiti, hivyo jaribu mbili tatu. Herufi þ, ð na æ zinakili kutoka ukurasa wenyewe badala ya kuzibahatisha kwenye kibodi.

Utakachokuta ni kitenzi kilichobadilisha irabu kwa wakati: "helpan", kusaidia, "healp", alisaidia, "hulpon", walisaidia, "holpen", aliyesaidiwa. Ni mtindo uleule uliobaki hai katika "sing, sang, sung". Baadaye "help" ilihamia kundi la vitenzi vinavyomalizia kwa -ed, ikawa "helped". Ndiyo maana anayesoma Biblia ya King James ya mwaka 1611 hukwama kwenye Luka 1:54, "He hath holpen his servant Israel". Si kosa la chapa. Ni umbo la zamani, na Kiswahili cha aya hiyo ni "amemsaidia" bila tatizo lolote.

Jambo la pili ni nani anayesaidiwa. Leo "help" huchukua yambwa moja kwa moja. Katika Kiingereza cha Kale anayesaidiwa aliwekwa katika umbo la kumilikishwa au la kupokea. Askofu Mkuu Wulfstan wa York alimaliza hotuba yake mashuhuri inayohusishwa na mwaka 1014 kwa maneno "God ure helpe, amen": Mungu atusaidie, amina. "Ure" hapo ni umbo la "yetu" au "ya sisi", na -e mwishoni mwa "helpe" ni alama ya dua. Mswahili atatabasamu kuona -e hiyo ikikaa palepale inapokaa katika "atusaidie". Ni sadfa tupu, lugha hizi mbili hazina undugu. Tunaitaja kwa sababu sadfa kama hizi ndizo zinazowapoteza wanaoanza: kufanana kwa sauti moja katika maneno mawili hakuthibitishi chochote mpaka ufanano huo ujirudie katika maneno mengi kwa utaratibu mmoja.

Hatua ya 5: Pima undugu kwa lugha jirani

Weka maneno ya lugha jirani kwenye mstari mmoja: Kiholanzi "helpen", Kijerumani "helfen", Kiswidi "hjälpa", Kiaislandi "hjálpa", Kigothi "hilpan". Hawa ni ndugu wa "help", wala si wazazi wake. Sentensi "help limetoka katika Kijerumani helfen" ni kosa, na utaliona limechapishwa. Maneno yote mawili yametoka kwa mzazi mmoja asiyeandikwa.

Angalia p ya Kiingereza dhidi ya f ya Kijerumani. Je, ni bahati? Jaribu maneno mengine: "ship" na "Schiff", "sleep" na "schlafen", "sharp" na "scharf", "ape" na "Affe", "open" na "offen". Panapokuwa na p katikati au mwishoni mwa neno asilia la Kiingereza, Kijerumani kwa kawaida kina f. Utaratibu huu ni mabadiliko ya konsonanti yaliyopita katika lahaja za kusini za Kijerumani na kuziacha Kiholanzi na Kiingereza nyuma. Irabu nazo zinakubaliana: Kijerumani kina "helfen, half, geholfen", karibu sawa na "helpan, healp, holpen". Hapo una ushahidi wa aina mbili, na unaweza kuandika bila wasiwasi.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi utakutana na Kilithuania "šelpti", kuunga mkono au kusaidia. Mwanzo wa neno unakubali: š ya Kilithuania hulingana na h ya Kiingereza, kama "šimtas" na "hundred", mia. Mwisho wake unaleta shida, kwa sababu p ya kale ilitarajiwa kuwa f katika Kiingereza, kama "pater" ya Kilatini na "father". Kamusi makini huliweka neno hilo kwa tahadhari. Fanya hivyo nawe: andika "huenda ni ndugu", kisha usimame hapo.

Hatua ya 6: Linganisha na visawe vyake

Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, na baadaye ya mahakama, huku Kiingereza kikibaki lugha ya shamba na jikoni. Kilatini kilikuwa cha kanisa na elimu. Matokeo yake ni tabaka tatu: "help" la Kiingereza asilia, "aid" la Kifaransa, "assist" la Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Maana zinakaribiana, heshima haziko sawa.

"Aid" limetoka Kifaransa cha Kale "aide", na kitenzi chake kinarudi kwenye Kilatini "adiutare", kilichojengwa juu ya "adiuvare", ad na iuvare, kusaidia. Ndugu zake ni Kihispania "ayuda" na Kireno "ajuda". Leo ni nomino zaidi kuliko kitenzi, na hupenda kukaa katika maneno yaliyogandana: "first aid" ni huduma ya kwanza, "teaching aids" ni zana za kufundishia, "legal aid" ni msaada wa kisheria, jina linalobebwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 na ya Tanzania ya mwaka 2017. Huwezi kubadilisha ukasema "first help". Angalia wingi: "help" kama nomino ya msaada haihesabiki, hivyo "many helps" ni kosa, lakini "aids" inahesabika inapokuwa vifaa. Na "AIDS" kwa herufi kubwa, yaani UKIMWI, ni kifupisho kisicho na undugu wowote na neno hili.

"Assist" ni Kilatini "assistere", kusimama kando ya mtu. Kifaransa kimeihifadhi maana hiyo katika "assister à", kuhudhuria. Msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda aliyesoma kwa Kifaransa ajihadhari hapa: "assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano, na Kiingereza chake ni "attend". Akiandika "I assisted the meeting", msomaji ataelewa kwamba aliusaidia mkutano. Katika mpira, "assist" ni pasi ya mwisho iliyozaa goli, na mashabiki wetu wameshaipokea kama asisti.

"Abet", la "aid and abet" katika sheria za jinai, limetoka Kifaransa cha Kale "abeter", kuchochea, na ni jamaa ya "bait", chambo. Ndiyo sababu lina ladha ya uovu ambayo "aid" pekee halina.

Hatua ya 7: Lichunguze neno la Kiswahili kwa ukali uleule

Wafasiri wengi huishia hatua ya sita, kana kwamba Kiswahili hakina historia. "Saidia" limetoka Kiarabu "sāʿada", na "msaada" limetoka "musāʿada" ya mzizi huohuo. Herufi tatu za mzizi huo, sini, aini na dali, zimo pia katika majina Saidi, Saada na Masudi, yote yakibeba maana ya heri na bahati, na katika "sāʿid", mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Usikimbilie kusema kumsaidia mtu ni kumpa mkono au kumpa heri. Mzizi mmoja hauzifanyi maana zote kuwa moja.

Tazama kilichotokea neno lilipoingia. Mu- ya Kiarabu katika "musāʿada" ni sehemu ya umbo la neno lenyewe, lakini Waswahili waliisikia kama kiambishi cha ngeli, wakapata "msaada" na wingi "misaada". Kiingereza kilifanya jambo la jinsi hiyohiyo kwa "succour", msaada wakati wa dhiki. Kifaransa cha Kale kilikuwa na "sucurs" kwa umoja; Waingereza wakadhani s ya mwisho ni ya wingi, wakaiondoa. Neno likikopwa hupimwa kwa sarufi ya aliyelikopa.

Katika habari za leo "misaada" huelekea upande wa wafadhili na mataifa, wakati "msaada" hubaki kwa watu pia. Kwa hiyo "foreign aid" ni misaada ya nje, na "thank you for your help" ni asante kwa msaada wako. Kisha orodhesha majirani: auni na nusuru, yenye uzito wa dini na ushairi, okoa, kwamua, kwa aliyekwama, tegemeza, kwa asiyesimama peke yake, pakulia, hudumia. Orodha hii ndiyo utakayoitumia mezani, kuliko jozi moja ya "help" na "saidia".

Hatua ya 8: Jaribu hadithi tamu kabla ya kuipokea

Asili za maneno huvutia hadithi. Kila unapoisikia moja, uliza mambo manne: nani, wapi, lini, na je, sauti zinakubali?

"Helpmate", mwenzi wa maisha, linaonekana kama "help" na "mate" vilivyounganishwa tangu mwanzo. Ukilifuatilia, unafika Mwanzo 2:18 katika King James: "an help meet for him", ambapo "meet" ni kivumishi cha zamani chenye maana ya kufaa. Wasomaji waliyaunganisha maneno mawili yaliyokaa jirani, wakapata "helpmeet", na "helpmate" ikafuata kwa kuvutwa na "mate". Biblia ya Kiswahili ya Union haikuingia mtegoni: "msaidizi wa kufanana naye". Anayefundisha aya hii ajue pia kwamba neno la Kiebrania hapo, ʿezer, ndilo linalotumika katika Zaburi 121 kwa msaada utokao kwa Bwana, hivyo unyonge wa msaidizi haumo ndani ya neno lenyewe.

Hadithi nyingine hupita mtihani. "Mayday", wito wa dharura wa ndege na meli, hauhusiani na Mei Mosi. Nani: Frederick Stanley Mockford, ofisa wa redio. Wapi: uwanja wa ndege wa Croydon, London, uliokuwa na safari nyingi za kwenda Le Bourget, Paris. Lini: mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1927 ukakubaliwa kimataifa. Sauti: Kifaransa "m'aider", kunisaidia, kitenzi kilekile kilichozaa "aid". Wito wa dharura wa awali, SOS, haukufaa hapo kwa sababu ulikuwa wa telegrafu, na herufi S haisikiki vizuri katika redio ya sauti.

Hatua ya 9: Andika kadi ya neno

Ukurasa mmoja unatosha. Juu andika neno na aina yake. Chini yake weka maana, kila moja na sentensi uliyoikusanya mwenyewe pamoja na tafsiri yake. Kisha mstari wa asili, kwa mfano: help < Kiingereza cha Kati helpen < Kiingereza cha Kale helpan < *helpaną, linganisha na Kiholanzi helpen, Kijerumani helfen, huenda na Kilithuania šelpti. Kisha visawe na tabaka zake. Mwisho weka mitego: jisaidie, can't help, helpmeet, help me with.

Kila mstari wa asili uwekee jina la kamusi ulikolitoa na tarehe uliyolisoma, kwa sababu kamusi za mtandaoni hurekebishwa. Acha theluthi ya ukurasa wazi. Sentensi zinazokataa kuingia katika makundi yako zitakuja baadaye, na hapo utazihitaji nafasi. Ukimaliza "help" chukua "support" au "relief", na uanze tena hatua ya kwanza bila kufungua kamusi.